Uadimu kama Zao la Historia: Kichocho cha Ubongo na Uti wa Mgongo katika Mwambao wa Ziwa Nyasa, 1877–2019

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kutambuliwa kwa kichocho cha mfumo wa fahamu, yaani madhara ya kichocho katika mishipa ya damu ya ubongo na ya uti wa mgongo, kandokando ya Ziwa Nyasa. Mkazo umewekwa katika mwambao wa mkoa wa Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, pamoja na nyanda za juu za Mbinga zinazoutazama. Vitabu vya tiba huuhesabu ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa adimu. Makala yanadai kwamba uadimu huo una sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa: sehemu inayotokana na maumbile ya ugonjwa wenyewe, na sehemu iliyotokana na historia ya nani alichunguzwa, kwa chombo gani, na kwa sababu ipi. Hoja hiyo inajengwa kwa kufuatilia konokono aliyepewa jina 1877, tukio la Cape Maclear la 1992, na milipuko ya konzo iliyorekodiwa Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2000.

1. Utangulizi

Mwambao wa Ruvuma ni ukanda mwembamba wa mchanga, mawe na vinywa vya mito, uliobanwa kati ya maji na milima ya Umatengo. Wanyasa, Wampoto na Wamanda wameishi humo kwa uvuvi wa usipa na kwa kilimo cha muhogo na mpunga. Juu yao Wamatengo wamelima mashamba ya ngoro na, tangu enzi ya ukoloni, kahawa. Kiutawala ukanda huu ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi 2012, ilipoundwa Wilaya ya Nyasa yenye makao yake makuu Mbamba Bay. Kwa wakazi wa mwambao, ziwa ni kisima, ni shamba, ni barabara na ni mahali pa kuogea. Mtu hawezi kuishi Liuli au Mbamba Bay bila kuingia majini, na kuingia majini ndiyo njia pekee ambayo kichocho humpata binadamu.

Kichocho kinafahamika Tanzania kama ugonjwa wa mkojo wenye damu. Kwa kuwa huwapata watoto wengi, katika jamii nyingi umezoeleka kiasi cha kuonekana kama hatua ya kawaida ya kukua. Sura yake nyingine, ile ya kupooza miguu kwa ghafla, kifafa kinachoanza ukubwani, au kiharusi kwa kijana, haifungamanishwi na maji hata kidogo. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ilikuwaje ugonjwa ule ule, katika ziwa lile lile, uwe wa kawaida mno katika kibofu na wa nadra mno katika ubongo?

2. Kichocho kama ugonjwa wa mishipa ya damu

Jibu lolote la kihistoria linahitaji kwanza maelezo ya namna ugonjwa unavyofanya kazi. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz, akiwa Cairo, alikuta minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti aliyoipasua. Ugunduzi huo ulikuwa na maana ambayo lugha ya kila siku imeificha. Kichocho si ugonjwa wa kibofu kwa asili yake. Ni ugonjwa wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Minyoo dume na jike hukaa humo kwa jozi, kwa miaka kadhaa, jike akitaga mayai kila siku. Aina ya Schistosoma haematobium hukaa katika vena zinazozunguka kibofu. Schistosoma mansoni hukaa katika vena za utumbo. Baadhi ya mayai hupenya na kutoka nje kwa mkojo au choo. Mengine hunasa katika tishu, na mwili huyazingira kwa chembe za kinga hadi kufanya vinundu.

Njia ya kuelekea kwenye uti wa mgongo ilieleweka vizuri zaidi baada ya 1940, Oscar Batson wa Marekani alipoeleza mtandao wa vena za uti wa mgongo usiokuwa na vali. Shinikizo linapopanda tumboni, damu katika mtandao huo inaweza kurudi nyuma kutoka nyonga kuelekea mgongoni na hata kichwani, ikibeba mayai au minyoo yenyewe. Yai moja likikwama mahali pabaya, kinundu kinachozaliwa hukandamiza uti wa mgongo na mgonjwa hupoteza nguvu za miguu na uwezo wa kuzuia mkojo.

Kuna njia ya pili, inayohusu wiki za mwanzo za maambukizi, kabla mayai hayajawa mengi. Katika hatua hiyo, iitwayo homa ya Katayama kwa jina la bonde moja la Japani, kinga ya mwili hupambana na minyoo michanga kwa ukali. Chembe nyeupe za damu za aina ya eosinofili huongezeka mno, na sumu zake huweza kuchubua kuta za mishipa midogo ya ubongo. Mishipa huvimba, damu huganda ndani yake, na sehemu za ubongo zilizo mbali na mishipa mikubwa hukosa damu. Matokeo yake hufanana na kiharusi.

Hapa pana jambo ambalo mwanahistoria hana budi kulikubali. Homa ya Katayama huwapata zaidi watu wanaoambukizwa kwa mara ya kwanza wakiwa wakubwa. Aliyezaliwa mwambaoni na kuyazoea maji tangu utotoni mara nyingi huwa na kinga iliyokwisha kupoa. Sehemu ya uadimu wa ugonjwa huu kwa wenyeji, kwa hiyo, ni ya kimaumbile. Lakini maelezo hayo hayaifikii njia ya kwanza. Kupooza kunakosababishwa na mayai katika uti wa mgongo hakumbagui mkazi na mgeni, kama inavyojulikana kwa miongo mingi nchini Brazili, ambako wagonjwa ni wakazi wa maeneo yenye kichocho. Uadimu wa sura hii unadai maelezo mengine.

3. Waliotazama na walichokitazama, 1877–1961

Sayansi ya Ulaya ilianza kuliandika Ziwa Nyasa kwa kukusanya na kutaja majina. Mwaka 1877 Edgar Smith wa London alimpa jina konokono mdogo wa ziwa hili ambaye leo anaitwa Bulinus nyassanus. Alijulikana kwa umbo la gamba lake tu. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba konokono wana nafasi yoyote katika kichocho; jambo hilo lilithibitishwa na Robert Leiper nchini Misri 1915. Hata baada ya hapo konokono huyu alibaki katika makabati ya makumbusho.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 daktari wa kijeshi wa Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka maeneo ya Nyasa na Ruvuma. Kitabu chake kikubwa kuhusu nchi na watu wa eneo hilo kilichapishwa 1906. Fülleborn anastahili kutajwa kwa sababu alikuwa na sifa zote za mtu ambaye angeweza kuuliza swali la makala haya: alikuwa daktari, alikuwa mkusanyaji wa viumbe wa majini, na baadaye alikuwa mtaalamu wa minyoo katika taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Hamburg, aliyoiongoza kuanzia 1930. Hata hivyo, katika eneo hili nguvu zake nyingi zilielekezwa kwenye kuwapima watu umbo la miili na vichwa, kama ilivyotakiwa na elimu ya mbari ya wakati wake. Kichwa cha mtu wa Nyasa kiliingia katika maandishi ya kisayansi kwa vipimo vya nje, si kwa maradhi yaliyokuwamo ndani yake.

Upande wa misheni, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ilifanya kazi kutoka kisiwa cha Likoma na kuvihudumia vijiji vya mwambao wa mashariki kwa meli. Daktari Robert Howard aliwasili 1899, na meli ya Chauncy Maples ikaanza safari zake ziwani mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye Liuli, ambako mmisionari William Percival Johnson alizikwa 1928, ilipata hospitali ya Mtakatifu Anna. Ndani zaidi, Wabenediktini walianzisha Peramiho 1898, na huduma zao zikaenea hadi Litembo katika Umatengo. Tiba ya aina hii ilikuwa na chombo kikuu kimoja: hadubini. Hadubini huona mayai katika mkojo. Haiwezi kuona yai lililo katika uti wa mgongo wa mtu aliye hai. Mgonjwa aliyeletwa kwa machela akiwa amepooza miguu alikuwa na maelezo mengi yanayowezekana, yakiwamo kifua kikuu cha mifupa, polio na kaswende, na kila moja kati ya hayo lilijulikana zaidi kwa daktari.

Ushahidi kwamba mayai hufika ubongoni ulipatikana kwa kupasua maiti, kazi iliyofanyika katika miji mikubwa ya kusini ambako wanaume wa mwambao walikwenda kutafuta kazi. Mwaka 1958 W. Alves alichapisha matokeo ya uchunguzi wa tishu za maiti nchini Rhodesia Kusini, yaliyoonyesha kwamba mayai ya kichocho husambaa katika viungo vingi, ukiwamo ubongo. Mara nyingi hayakuwa yameleta dalili zilizojulikana. Uchunguzi huo ulipaswa kuufuta uadimu wa mayai ubongoni na kuacha swali moja tu: ni kwa nani mayai hayo huleta ugonjwa? Mapitio ya E. M. Scrimgeour na D. C. Gajdusek, yaliyotoka 1985, yaliikusanya elimu iliyokuwa imetawanyika. Lakini elimu hiyo ilibaki katika majarida, mbali na wodi za mwambao.

4. Cape Maclear, 1992

Badiliko lilikuja kutoka upande wa pili wa ziwa. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa Malawi kama watumishi wa kujitolea wa Peace Corps waliugua kichocho cha mfumo wa fahamu kilichosababishwa na Schistosoma haematobium. Walikuwa wameogelea Cape Maclear, ufukwe wa kusini mwa ziwa uliopendwa na wageni. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa 1993, na mwaka 1996 Martin Cetron na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi uliofuata. Takriban theluthi moja ya wageni waliopimwa walikuwa na dalili za maambukizi katika damu, na hatari ilipanda kadiri mtu alivyoingia majini mara nyingi zaidi. Kabla ya hapo, wengi waliamini kwamba maji ya wazi ya Ziwa Nyasa hayana kichocho.

Wagonjwa wawili walitosha kubadili sifa ya ziwa zima. Sababu si kwamba maradhi yao yalikuwa makubwa kuliko ya wengine. Afya yao ilikuwa imepimwa na kuandikwa kabla hawajasafiri. Walikuwa na taasisi iliyowajibika kuwafuatilia. Na nyuma ya taasisi hiyo kulikuwa na maabara na jarida. Kwao kupooza hakungeweza kupita bila jina. Mvuvi wa Mbamba Bay aliyepatwa na hali hiyo hiyo mwaka huo huo hakuwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu.

Itakuwa kosa kuisoma historia hii kama lawama kwa wageni waliougua au kwa madaktari waliowatibu. Kinyume chake, kazi yao ndiyo iliyofungua mlango. Muongo mmoja baadaye, mwaka 2003, C. W. Naus na wenzake walichapisha utafiti uliopima mchango wa kichocho katika maradhi ya uti wa mgongo yasiyotokana na ajali nchini Malawi. Swali lililoanza kwa Wamarekani wawili lilikuwa sasa limeelekezwa kwa wenyeji wenyewe.

5. Konokono anarudi

Tukio la Cape Maclear liliwalazimisha watafiti kueleza maambukizi yalitoka wapi. Konokono aliyejulikana kueneza kichocho, Bulinus globosus, hupenda maji yaliyotulia yenye majani: vijito, madimbwi na pembe za ghuba. Wageni wengi, hata hivyo, walikuwa wameoga katika fukwe za mchanga. Mwaka 2001 Henry Madsen na wenzake walionyesha kwamba Bulinus nyassanus, anayeishi katika mchanga wa maji ya wazi, naye ni mbebaji. Miaka 124 ilikuwa imepita tangu apewe jina.

Watafiti walipendekeza pia kwa nini hatari iliongezeka. Ziwa lina samaki wanaokula konokono, mmojawapo akiwa Trematocranus placodon. Uvuvi wa nyavu za kukokota karibu na ufukwe uliwapunguza samaki hao kusini mwa ziwa, na konokono wakaongezeka. Hoja hii ina uzito kwa Ruvuma, kwa sababu inauhamisha ugonjwa kutoka kwenye tabia ya mtu mmoja mmoja kwenda kwenye uchumi wa uvuvi. Kijiji kinachokosa samaki wakubwa hutumia nyavu zenye matundu madogo. Nyavu hizo huondoa mlinzi wa ufukwe. Na watoto wanaooga hapo hulipa gharama. Aidha, taarifa zilizochapishwa 2019 zilitangaza kuwapo kwa konokono wa jamii ya Biomphalaria, wabebaji wa kichocho cha utumbo, katika wilaya ya Mangochi kusini mwa ziwa. Ramani ya kichocho ya Ziwa Nyasa, kwa hiyo, haijatulia.

6. Mbinga na somo la konzo

Inaweza kudaiwa kwamba maradhi ya kupooza Mbinga hayakuonekana kwa sababu hayakuwapo. Historia ya konzo inalijibu dai hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 milipuko ya konzo ilirekodiwa katika mkoa wa Mtwara na wilayani Mbinga. Konzo hupooza miguu yote miwili kwa ghafla na moja kwa moja. Husababishwa na sumu ya sayanidi katika muhogo mchungu usioandaliwa kwa muda wa kutosha, hasa wakati wa ukame na njaa. Watafiti, akiwamo Nicholas Mlingi, waliwafikia wagonjwa, wakaeleza chanzo, na wakafundisha njia ya kulowesha unga ili sumu itoke.

Konzo ilionekana kwa kuwa ilikuja kwa wingi, kwa msimu mmoja, katika kaya zilizokula chakula kimoja. Hakuna mganga wala mwalimu ambaye angeshindwa kuona kwamba watoto na akina mama kadhaa wa kijiji kimoja wameacha kutembea. Kichocho cha uti wa mgongo hakiji hivyo. Humpata mmoja mwaka huu na mwingine baada ya miaka, katika vijiji tofauti. Kila mgonjwa hubaki kisa cha familia yake, kinachoelezwa kwa uchawi, kwa kuanguka kutoka mtini, au kwa mapenzi ya Mungu.

Mfano wa Mahenge, kaskazini mwa Ruvuma, unaelekea huko huko. Kifafa kilikuwa kikiishi miongoni mwa Wapogoro kwa muda mrefu, lakini kiliingia katika maandishi ya tiba baada ya daktari Louise Jilek-Aall kufungua kliniki yake huko karibu na 1960 na kuanza kuhesabu. Tunachojifunza kutoka Mbinga na Mahenge ni kwamba ugonjwa wa mfumo wa fahamu hutoka kizani kwa mojawapo ya njia mbili: ama uwapate wengi kwa pamoja, ama apatikane mtu wa kukaa na kuhesabu mmoja mmoja.

7. Dawa bila hesabu

Kinachofanya suala hili lisiwe la kumbukumbu tu ni tiba. Kuanzia 1918, J. B. Christopherson alipotibu kichocho kwa antimoni huko Khartoum, hadi miaka ya 1970, dawa zilikuwa kali na za hatari. Prazikwanteli ilibadilisha hali hiyo: ni vidonge, hutolewa kwa siku moja, na bei yake ni ndogo. Mwaka 2001 Mkutano wa Afya Duniani uliazimia kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa shule walio katika hatari, na tangu katikati ya miaka ya 2000 watoto wa Tanzania wamepangwa mistari shuleni, wakapimwa kimo kwa kijiti kilichowekwa alama, na kupewa vidonge kulingana na kimo hicho.

Mpango huo umepunguza mateso mengi, na huenda umezuia kupooza ambako hakuna atakayekujua. Lakini vipimo vyake ni mkojo, choo na idadi ya vidonge vilivyomezwa. Mvuvi mtu mzima na mama afuaye nguo ziwani hawamo katika mstari wa shule. Aliyekwisha kupooza naye hahesabiwi popote, ingawa kwake muda ndio kila kitu: kinundu katika uti wa mgongo kikitibiwa mapema kwa prazikwanteli pamoja na dawa za steroidi, mgonjwa anaweza kutembea tena, kikiachwa, neva hufa na ulemavu huwa wa kudumu. Kipimo cha mkojo kinachoweza kuamsha shaka hiyo kinapatikana katika zahanati. Kinachokosekana ni wazo kwamba miguu na mkojo vinaweza kuwa na chanzo kimoja.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uadimu wa kichocho cha ubongo na uti wa mgongo katika Ziwa Nyasa hauwezi kuchukuliwa kama tarakimu ya maumbile pekee. Konokono alipewa jina kabla ya kuulizwa swali. Watu walipimwa vichwa kabla ya kuulizwa maradhi yao. Ziwa lilihesabiwa kuwa salama hadi walipougua wawili ambao ugonjwa wao haukuweza kupotea. Na Mbinga yenyewe ilithibitisha, kwa konzo, kwamba kupooza huonekana panapokuwa na sababu ya kutazama.

Kwa watafiti, mambo mawili yanafuata. Kwanza, daftari za wodi katika hospitali za Liuli, Litembo na Peramiho zinastahili kusomwa upya kama nyaraka za kihistoria, si kwa kutafuta neno kichocho, bali kwa kutafuta vijana waliopooza bila ajali na watu wazima walioanza kifafa bila historia yake. Pili, kila mkazi wa mwambao anayefika na ulemavu wa ghafla wa miguu anapaswa kupimwa mkojo na choo na kuulizwa kuhusu maji kabla sababu nyingine haijakubaliwa. Hatua ya kwanza itaurekebisha ufahamu wa yaliyopita. Ya pili inaweza kumwokoa mtu ambaye bado ana siku chache za kuokolewa.